Moteri ya boti yangu ilikuwa inaishiwa nguvu kila mama mukwe akipanda

Wakuu, salamu kutoka Butembo.

Kwanza muvumilie Kiswahili yangu, ni ile ya huku kwetu, tunachanganya na Kifaransa na kila kitu: 'mais' ni lakini, 'donc' ni kwa hiyo, 'juu' ni kwa sababu. Ninasomaka humu ndani siku zote, kuandika hapana. Leo naandika juu nimeona ndugu mumoja anauliza kwa nini moteri yake ya zamani ya boti inawaka vizuri halafu inalegea katikati ya maji. Batu bamemujibu: badilisha buji (plagi), safisha kabureta, uza.

Mimi vyote hivyo nilifanya, isipokuwa kuuza. Nitawaelezea yangu vile ilipita, bila chumvi. Nimebadilisha majina tu, juu batu ninaotaja bote beko bahai na beko na simu.

Picha hakuna. Mukifika katikati mutaelewa kwa nini sikupiga.

Bon. Mimi ni mutu wa biashara kama nusu ya Butembo. Nilikuwa nauzisha bati na misumari, kisha nikaona nipanue, nikanunua pirogi, mutumbwi munene ya mbao, kule Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edouard. Kazi yake ni kubeba bamama ba samaki. Tunatoka Kyavinyonge, tunaenda Kamandi, bananunua tilapia, tunarudi, banapandisha kwa gari kuelekea Butembo ao Beni.

Moteri niliipata kwa muvuvi mumoja aliyeacha kazi. Nguvu za farasi makumi ine, ile ya zamani unachanganyaka huile (oili) ndani ya esansi (petroli). Rangi imetoka yote, kofia yake imefungwa na kipande cha chambre à air, mupira wa ndani ya tairi. Mais inavuta. Ukivuta kamba inakohoa, ukirudia inawaka na kelele yake inafika mpaka Uganda.

Haikuja na tanki. Nikaenda kwa soudeur mumoja wa Butembo, fundi wa kuchomelea vyuma, akanitengenezea moja ya bati, kama sanduku: shingo ya kumwangia esansi pembeni, kitundu ya kupumulia, mishikio mbili, juu yake sawasawa kabisa. Kazi safi. Nikaiweka katikati ya boti chini ya kivuli ya bâche, turubai, ili uzito usiende upande mumoja, nikanunua mupira murefu wa kupeleka esansi nyuma kwa moteri. Katikati ya ule mupira kuna puwari, kile kipira unabinya na mukono ili esansi ipande.

Kwa muda murefu hakuna pane hata moja, haikuharibika. Nilikuwa natembea Kyavinyonge na kifua mbele.

Sasa tuje kwa Masika.

Masika ni mwalimu kule Beni. Ni yeye nataka kuoa, na yeye anataka, hapo hakuna matatizo. Mbuzi za kwanza za mahari zilikuwa zimeshaenda kwao. Zilibaki zile za mwisho na siku ya karamu. Kitu kimoja tu: familia yetu ni Bakatoliki, familia yao ni Baprotestanti, na si bale ba Noeli peke yake. Mama yake anaimba kwenye korali na sauti ile inaamusha mutaa.

Huyu mama, tumuite Mama Masika, anauzisha samaki Beni. Tena samaki yake anatoa wapi? Kamandi. Nikasema mwenyewe ndani ya roho: Mungu amenipenda. Nitamubeba mama mukwe kwa boti yangu, ataona kijana eko na kazi, ataona moteri, kila kitu kitaenda haraka.

Mais lazima niwaelezee kitu, juu bengine humu munatoka mbali.

Kwetu, mutu na mama mukwe wake habachezi pamoja. Hasa kwa familia kama ya Masika, banashika hiyo heshima kabisa. Humupi mukono. Hukuli mbele yake. Hukai penye amekaa, hata akisha kuondoka. Ukikutana naye kwa njia, wewe ndiye unapita kwa majani. Na ukiwa na neno, unatuma mutu, hapana kumusemesha uso kwa uso. Si uadui. Ni heshima, na tena kwa kweli inapunguza ugomvi mingi.

Mutu wangu wa kutuma alikuwa Shangazi Kanyere, dada ya baba yangu. Naye anauzisha samaki, donc eko ndani ya boti kila safari. Mukatoliki wa rozari kwenye shingo. Mudomo wake hauna freni, mais roho yake ni nzuri.

Siku ya kwanza Mama Masika amekuja, nikamwambia Shangazi amukalishe pazuri: katikati, chini ya kivuli, penye maji hayarukie. Mimi niko nyuma kwa moteri, ninaona mugongo wake tu, heshima imetimia. Mama akatandika kimukeka chake cha sponji, kile amevalisha na bâche ili samaki wasichafue pagne yake ya kitenge, akakaa. Mama ni mutu wa mwili. Akikaa, amekaa.

Kwenda Kamandi safari ilianza vizuri. Tukiwa mbali na kando ya ziwa, moteri ikaanza kulegea. Sauti ikashuka, ikashuka, ikawa kama mutu anasinzia kanisani. Nikaongeza gazi, ikazidi kulegea. Nikaangalia puwari: imebanana, imekuwa bapa. Nikabinya, hairudi.

Na kulikuwa viboko upande wa kushoto, banatuangalia. Kiboko hapana haraka, mais eko na maoni.

Pale pale Mama Masika akasimama. Akanyoosha mikono juu, akafungua wimbo kwa sauti kubwa ile bamama bote bakaitikia, boti yote ikawa korali. Kisha akaomba. Mimi nabinya puwari tu. Ghafula puwari ikajaa, moteri ikapiga kelele yake ya kawaida, tukaenda.

Bamama bakapiga makofi. Mama Masika akakaa.

Mbele kidogo, ikalegea tena. Akasimama, akaimba, ikaamuka. Akakaa. Mpaka tukafika Kamandi ilikuwa vile, kama misa ya Pasaka: kukaa, kusimama, kukaa, kusimama.

Kurudi, Shangazi akasema haiwezekani Baprotestanti bapate sifa yote. Moteri ikilegea, akatoa rozari mbele ya wengine, yeye na Bakatoliki benzake, bakasali bakiwa bamekaa vizuri penye mbao zao. Salamu Maria, Salamu Maria. Moteri ikazidi kushuka mpaka ikazimika kabisa. Upepo ukaanza kutugeuza. Shangazi akasali rozari nzima na jasho linatoka.

Mama Masika akangoja amalize. Mutu wa adabu. Kisha akasimama, akafungua wimbo, mimi nikavuta kamba, moteri ikawaka.

Wakuu, Shangazi hakusema neno mpaka Kyavinyonge. Tangu amezaliwa ilikuwa mara ya kwanza.

Jioni ile ile habari ilizunguka bandari yote. Kuna moteri ya mutoto wa Butembo, ni ya Kiprotestanti. Watu banacheka, mimi nacheka nao, mais ndani sicheki.

Nikaifungua moteri, nikaibeba mpaka Butembo kwa fundi wangu. Tumuite Katembo. Ni rafiki yangu tangu shule, anatengeneza moteri za boti miaka yote hii, na hajawahi kupanda boti. Anaogopa maji. Eko na pipa nyuma ya atelier, karakana yake, anajaza maji, anatumbukiza moteri ndani, anawasha. Ikivuta ndani ya pipa, imepona, uchukue.

Ndani ya pipa ilivuta kama mupya.

"Iko sawa," Katembo akasema.

"Inalegea kwa ziwa."

"Basi ziwa ndio iko na pane."

Mais akabadilisha buji. Akasafisha kabureta, akatoa kauchafu kadogo akanionyesha kama daktari anaonyesha jiwe alilotoa kwa figo. Akasema ni hiyo. Nikarudi Kyavinyonge na moteri, nikaenda Kamandi na bamama bengine, Mama Masika hayupo. Moteri ikaenda vizuri kwenda na kurudi. Nikamupigia Katembo nikamushukuru.

Safari iliyofuata Mama Masika akapanda. Ikalegea.

Nikasema ni esansi mbaya. Nikachuja esansi kwa kitambaa, nikanunua kwa mutu mwingine. Ikalegea. Nikasema ni puwari, imezeeka. Nikanunua mupya. Mupya nayo ikabanana bapa, pa! Nikabadilisha mupira wote murefu. Ikalegea. Katembo akasema ni pompe ya esansi, hii ya Butembo ni bandia zote, uende Beni kuna mutu eko na moteri kama yako amevunja anauza vipande. Nikaenda Beni na vumbi mpaka ndani ya meno, nikatafuta huyu mutu karibu na njia ya Mavivi, nikapata pompe, nikarudi. Ikalegea.

Akasema ni helisi, ile pangaboi ya chini ya maji, imechoka ndani, inazunguka bure. Nikamwambia helisi ikizunguka bure moteri inapiga kelele mingi, hii yangu inanyamaza. Akasema "ah, ni kweli", akaibadilisha vile vile, juu alikuwa ameshaifungua.

Na kila mara, bila Mama Masika, safari safi. Naye akiwa ndani, pane. Nilianza kuogopa hata mimi. Mimi mutu wa bati na misumari, siamini vitu vya ovyo, mais mutu akiona kitu kinarudia vile anaanza kujiuliza nani amefanya nini.

Basi siku moja familia ya Masika bakamuita Shangazi Beni. Alikwenda na nguo ya Dimanche, ya misa. Alirudi uso umeshuka.

"Mama anasema hivi," akaniambia. "Kila akipanda boti yako, inakufa. Akisimama kuomba, inaamuka. Akikaa, inakufa tena. Anasema Mungu anamusemesha kitu, na hicho kitu ni hapana."

"Hapana ya nini?"

"Ya ndoa, mutoto wangu. Ulifikiri ni ya samaki?"

Mama alikuwa ametoa neno moja la mwisho. Atapanda mara moja tena, Kyavinyonge mpaka Kamandi. Moteri ikifika bila kulegea, mulete mbuzi zilizobaki. Ikilegea, mbuzi za kwanza zitarudi kwetu na Masika atangoja mutu mwingine.

Nilimupigia Masika. Akaniambia, "Chéri, tengeneza ile kitu." Hakulia. Ingekuwa alilia ingekuwa afadhali. Mimi ndio nililia kidogo, nyuma ya duka, kati ya bati. Nilikuwa nampenda Masika, na nilikuwa naenda kumukosa juu ya kabureta.

Nikamwambia Katembo: wewe, pipa imetosha. Utakuja kwa ziwa.

Alikuja. Alivaa jile ya kuelea tangu kwenye gari, watu ba Kyavinyonge bakamufuata kama sinema. Akapanda boti akishika mbao na mikono mbili, na macho amefunga. Shangazi naye akaingia, juu alisema hawezi kukosa hiyo.

Tukatembea mbele na nyuma karibu na kando. Moteri safi.

Katembo akafungua jicho moja. "Kila kitu ni sawa na siku ile?"

"Kila kitu. Anakosa tu Mama mukwe."

"Basi ni uzito. Uzito wake unafanya boti ilale vibaya, moteri inavuta hewa. Tuweke uzito sawa na wake, penye anakaa. Eko na kilo ngapi?"

Wakuu, mimi na Shangazi tuliangaliana. Mutu gani anapima mama mukwe wake? Nikamwambia Katembo sijasikia swali yake. Shangazi akaangalia mbinguni, akakadiria na mikono, akarudisha mikono kidogo ikawa pana zaidi, akasema: gunia ya unga wa muhogo, ile ya kujaa, na kidogo juu yake.

Tukarudi kando, tukachukua gunia kwa muuzaji, tukaahidi kuirudisha kavu. Kimukeka cha sponji cha Mama kilikuwa bado juu ya tanki, juu tangu siku ya kwanza hakuna mutu alikigusa, mimi siwezi kugusa na bamama bengine baliheshimu. Tanki ile ilikuwa imeshakuwa kiti chake. Shangazi akasimamia, Katembo na mimi tukakalisha gunia juu ya kimukeka, wima, na heshima. Shangazi akaifunga na pagne. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Ili isiaibike."

Tukatoka. Safi. Safi. Tukazunguka kwa muda, Katembo akaanza hata kufungua jicho la pili.

Kisha sauti ikashuka.

Niliangalia puwari: bapa. Moteri inasinzia. Mama Masika eko Beni, hajaimba, hajaomba, na moteri inakufa. Nilitamani kulia na kucheka. Nikapiga kelele, "Inakufa, inakufa," kwa furaha, Katembo akafikiri tunazama, akakumbatia gunia.

Akaikumbatia, ikaanguka upande.

Na pale, chini ya ile sponji, tanki ikavuta pumzi: fyuuuu. Ubavu wa bati uliokuwa umeingia ndani ukarudi inje: mbuu. Puwari ikajaa ndani ya mukono wangu. Moteri ikaamuka na kelele.

Shangazi akainua kimukeka.

Ni kitundu ya kupumulia, wakuu. Kile soudeur alitoboa kadogo kama cha musumari, juu ya tanki, katikati. Pompe inavuta esansi, na penye esansi imetoka lazima hewa iingie, na hewa inaingia na pale tu. Sponji ya bâche, na mutu wa mwili juu yake: imefungwa kuliko kifuniko. Moteri inavuta, inavuta, inakosa, inakufa. Mama akisimama kuomba, tanki inapumua. Shangazi na rozari yake, Mama mukwe alikuwa amekaa, sasa ingeamuka namna gani?

Shangazi alikuwa wa kwanza kusema. "Donc Bikira Maria hana kosa."

Nilifurahi kabisa, kwa dakika kidogo. Kisha nikafikiri mbele.

Nani atamwambia?

Mujaribu kutunga hiyo sentensi. Mama, kwa heshima yote, pane ya moteri ni nyinyi, tena ni nyuma yenu. Nilimuomba Shangazi. Shangazi ambaye husema kila kitu kwa kila mutu akakataa.

"Nimwambie nini? Kama matako yake inaziba moteri? Ni mukwe wako huyo, unataka anizike mimi?"

Kutoboa kitundu kingine pembeni, rahisi. Mais tanki ilikuwa imejaa esansi, na hakuna soudeur Kyavinyonge aliyekubali kuisogelea na moto ao nyundo. Kulegeza kifuniko ya shingo, esansi itarukia pagne ya Mama. Kuhamisha tanki, basi kiti ya Mama inahama, ataona nimemufukuza penye nilimukalisha mwenyewe. Katembo akatoa wazo: leteni kiti ya kweli. Nikanunua kiti ya plastiki, ile ya mikono, buluu, nikaifunga na kamba kwenye mbao mbele ya tanki, chini ya kivuli. Kila mutu ataona ni heshima. Nilijiona na akili.

Siku ikafika. Mama Masika akashuka kwa gari na pagne ya korali. Bamama ba samaki balijaa kuliko kawaida, nadhani bengine hawakuwa hata na samaki ya kununua. Shangazi akamuonyesha kiti.

Mama akaiangalia. Akasema kwa sauti ya utulivu, "Wasingya, asante. Mais mimi si chef wa kijiji. Benzangu banakaa kwa mbao, mimi nitakaa kwa kiti? Nitakaa penye nilizoea."

Na akakaa juu ya tanki.

Shangazi akanigeukia. Nikamufanyia ishara na macho: mwambie. Akanifanyia ishara: mwambie wewe. Bamama banangoja. Nikavuta kamba. Nifanye nini? Moteri ikawaka vizuri kabisa, mujinga ule.

Sitawadanganya, nilisali njia yote. Nilisali Kikatoliki, nikaongeza na ule wimbo wa Mama mukwe, maneno ninayojua. Nilikuwa namuona Masika ndani ya kila wimbi. Nilihesabu pengine leo ataona joto, atasimama kidogo, tanki itapumua. Hakusimama. Alikaa kama amepandwa.

Sauti ikaanza kushuka.

Bamama bote bakanyamaza. Puwari ikaanza kubanana. Nikaona bega la Mama Masika linainuka, anajitayarisha kusimama kuimba, na nikajua akisimama tu na kuimba, imekwisha, mbuzi zinarudi.

Basi nikafanya kitu ambacho mutu wa kwetu hafanyi. Niliacha moteri izimike, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, mimi kwake:

"Mama. Munisamehe. Si Mungu. Ni tanki. Kuna kitundu ya pumzi chini ya penye munakaa, na inazibika. Moteri inakosa hewa. Ni kosa langu, ni mimi niliwakalisha pale."

Ndani ya boti hakuna mutu alipumua, hata tanki.

Mama Masika hakugeuka. Nilikuwa naona mugongo wake tu. Upepo ukatusukuma polepole. Kisha akasema, kwa Shangazi, juu mimi hawezi kunisemesha:

"Muulize huyu kijana. Hiyo kitundu, ikizibika, tanki inafanya kelele?"

Shangazi akanigeukia, ingawa nilikuwa nimeshasikia. "Anauliza kama inafanya kelele."

"Ndiyo," nikasema. "Bati linaingia ndani. Linalia. Mbuu."

"Anasema ndiyo. Mbuu."

Na mugongo wa Mama Masika ukaanza kutikisika. Nilifikiri analia. Nilifikiri nimeua mutu na haya. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika mbao, mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.

"Mwambie," akasema, na machozi inatoka, "mwambie safari zote hizi nimekaa juu ya ile kitu, moteri ikipunguza sauti tu, inalia chini yangu. Mbuu. Na batu bamenyamaza bote. Nilisema leo bote bamesikia, bote banafikiri ni mimi. Ndio nikaruka, nikafungua wimbo wa nguvu; moteri ikaamuka, hata mimi nikaogopa ni Mungu kweli. Mulifikiri ni imani?"

Wakuu, boti karibu izame kwa kicheko. Bamama banapiga mapaja. Shangazi alilala juu ya vikapu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nashika kichwa, nawaza yote: kabureta, pompe ya Beni, vumbi, Katembo na pipa yake. Yeye alinyamaza juu ya haya, mimi nilinyamaza juu ya heshima, na katikati yetu tanki ndiyo peke yake ilikuwa inasema kweli.

Akainuka mwenyewe. Tanki ikafanya fyuuu, mbele ya bote. Akaiangalia akasema, "Umesikia? Si mimi." Akaenda akakaa kwa kiti ya buluu.

Nikavuta kamba. Tukafika Kamandi bila kulegea hata kidogo, ile sauti ya zamani inafika mpaka Uganda.

Kando ya maji, Mama akamuita Shangazi, akamwambia neno la kuniletea. Shangazi akaja, amejaribu kukaza uso.

"Anasema mulete mbuzi zilizobaki."

Niliinama.

"Na anasema ulete moja tena juu yake. Ya kosa. Umesemesha mama mukwe wako uso kwa mugongo, mbele ya batu, tena juu ya penye anakalia. Hiyo haipite bure."

Nililipa, wakuu, na sijawahi kuchagua mbuzi na furaha vile. Nilitafuta munene kuliko zote za soko. Karamu ilifanyika Beni, Bakatoliki na Baprotestanti bakashindana kuimba, Katembo alikuja bila jile. Masika anaandika na mimi meza moja sasa hivi, anasahihisha karatasi za wanafunzi, ananiuliza ninacheka nini.

Sasa fundisho, kwa yule ndugu wa moteri inayolegea na bote bengine.

Moteri ikiwaka vizuri, ikienda, halafu ikafa polepole na puwari ikabanana bapa, hapana kimbilia kabureta. Fungua kifuniko ya tanki kwanza. Ikiamuka, pane yako ni hewa. Tafuta kitundu ao kile kiskuru cha juu ya kifuniko, angalia nani amefunga, ao nani amekaa. Haina bei. Mimi nilinunua moteri nzima vipande vipande kabla ya kuinua kimukeka kimoja.

Ya pili, heshima ni kitu kizuri, siitupi, na mama mukwe tunaongea bado kupitia Shangazi. Mais kuna siku lazima mutu afungue mudomo alipe mbuzi, kuliko kunyamaza akose bibi. Ningesema siku ya kwanza, tungecheka siku ya kwanza.

Tanki ilipoisha esansi niliirudisha kwa soudeur, ametoboa pembeni.

Bon, nimemaliza. Munipe maoni: wewe ungemwambia mama mukwe wako namna gani? Nataka sentensi kamili, tena ya adabu, juu mimi mpaka leo bado natafuta. Na wale ba moteri, wekeni pane zenu hapa chini, tuzisome. Bale banataka kuniuliza kilo, hapana bajaribu.